SHAHIDI ALIYE UKUTANI

Mtu apitaye leo katika mitaa ya Mwanjelwa na Kabwe mjini Mbeya, au atokaye Gangilonga kwenda Miyomboni mjini Iringa, ataona jambo ambalo miaka ishirini iliyopita lilikuwa nadra sana. Juu ya mlango wa duka la vifaa vya ujenzi, kwenye pembe ya ghala la mpunga, kwenye nguzo ya kituo cha mafuta, na hata juu ya geti la nyumba ya mwalimu mstaafu, limetundikwa jicho dogo jeusi. Jicho hilo hutazama usiku na mchana. Halisinzii, haliombi likizo wala halidai mshahara wa mwisho wa mwezi. Hiyo ndiyo kamera ya ulinzi.

Sisi hatuna ugomvi na chombo hiki. Mali ya mwananchi ni jasho lake, na mwenye jasho ana haki ya kulilinda. Mkulima wa viazi wa Uporoto aliyejenga chumba kimoja cha duka kwa mavuno ya miaka mitano hana budi kulala usingizi. Fundi wa Mafinga aliyekopa apate mashine ya kupasulia mbao hawezi kukubali kuikuta imefunguliwa na kuchukuliwa vipande vipande. Walakini, tumeona kwa masikitiko kwamba fedha nyingi za watu wa Nyanda za Juu Kusini zinatundikwa ukutani bila kuleta faida iliyotarajiwa. Na mahali pengine chombo kilichonunuliwa ili kumnasa mwizi kimegeuzwa kuwa fimbo ya kumchapia mfanyakazi. Kwa sababu hiyo yafaa tulizungumze jambo hili kwa makini.

Tuchukue mfano. Mwenye duka ananunua kamera nne. Moja anaielekeza kwenye meza ya fedha, ya pili kwenye mgongo wa muuzaji, ya tatu kwenye rafu, na ya nne kwenye kibao cha duka ili wapita njia waone kwamba yeye ni mtu wa maendeleo. Usiku wezi wanavunja mlango wa nyuma, wanabeba bidhaa, na kabla ya kuondoka wanang'oa ile mashine ya kurekodi iliyowekwa chini ya meza, wakaenda nayo. Asubuhi mwenye duka hana bidhaa, hana mashine, hana picha. Aliye naye ni muuzaji wake, ambaye ametazamwa mwaka mzima kama mfungwa, na ambaye sasa ndiye wa kwanza kushukiwa. Wasomaji wetu wajiulize: kamera hizo nne zilimlinda nani?

Kosa la mwenye duka huyu lilianza kabla hajatoa hata shilingi moja. Alidhani amenunua mlinzi, kumbe amenunua shahidi. Mlinzi hupiga kelele, hupuliza filimbi, humfukuza mwizi. Kamera haiwezi kufanya hata moja kati ya hayo. Kazi yake ni kuona, kukumbuka, na kusema ilichokiona pale itakapoulizwa. Mwizi akijua kwamba kuna shahidi huenda akasita, na hiyo ni faida. Lakini mwizi aliyefunika uso haogopi shahidi asiyeweza kumtambua.

Kwa hiyo ulinzi wenyewe hauna budi kutangulia. Mlango imara, kufuli la kweli, taa inayowaka, na jirani anayekujua kwa jina: hivyo ndivyo vilivyowalinda wazee wetu, na havijapitwa na wakati. Taifa hili lilijenga mashina ya nyumba kumi kumi katika miaka ya 1960, na Wasukuma na Wanyamwezi wakaanzisha sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kuwa walitambua kwamba macho ya jirani yana miguu na sauti. Hata Serikali ilipoamua kulinda tanzanaiti ya Mirerani, ukuta wa kilomita 24.5 na lango lake vilitangulia, vikazinduliwa tarehe 6 Aprili 2018. Kamera zilikuja kusaidia kazi ambayo ukuta ulikwisha kuianza. Ukiwa na matundu kumi ya kutokea, kamera moja haitakufaa. Ziba tisa kwanza.

Basi ikiwa kamera ni shahidi, tuipime kama mahakama inavyompima shahidi. Shahidi mwema ana masharti manne. Aone vizuri. Akumbuke vizuri. Asinunuliwe na adui. Na aseme kweli mbele ya pande zote mbili.

Sharti la kwanza ni kuona. Hapa wananchi wengi hudanganywa na maneno ya wauzaji, wanaosifu kamera kwa ukubwa wa namba iliyoandikwa juu ya boksi. Lakini zipo hesabu nyepesi ambazo kila aliyemaliza shule ya msingi aweza kuzifanya. Picha ya kamera ni vitone vilivyopangwa safu kwa safu. Kamera ya kawaida ya megapikseli 2 ina vitone 1,920 kwa upana. Wataalamu wa Ulaya wameweka kipimo kwamba, ili uweze kuitambua sura ya mtu usiyemjua, upana wa mita moja pale anaposimama upate vitone 250. Ili umtambue mtu unayemfahamu tayari, 125 vyatosha. Vikiwa 25 tu, utajua kwamba kuna mtu, basi.

Sasa gawanya. Kamera hiyo ikitazama geti lenye upana wa mita 4, kila mita hupata vitone 480, na sura ya aingiaye itaonekana barabara. Kamera ile ile ikitazama uwanja wa mbao wenye upana wa mita 40, kila mita hupata vitone 48. Utaona mtu anapita na ubao begani, nawe hutajua kama ni mwizi au ni ndugu yako. Ndiyo maana twasema: usiipe kamera moja kazi ya kutazama uwanja mzima kisha ukategemea ikupe uso wa mtu. Weka moja ya kuona uwanja, na nyingine iliyobana mlangoni, mahali ambapo kila mtu hana budi kupita.

Lenzi nayo ina neno lake. Lenzi ya milimita 2.8 huona upana mkubwa, karibu digrii 100. Ni nzuri kwa chumba cha duka. Lenzi ya milimita 6 huona karibu nusu ya upana huo, lakini huvuta karibu kile kilicho mbali, nayo yafaa geti na njia. Fundi atakayekufungia lenzi ya aina moja mahali pote bila kuuliza kila kamera itatazama nini, huyo anauza maboksi.

Kadhalika urefu wa mahali pa kuitundika. Wengi huipandisha kamera juu kabisa kwenye paa ili isiibiwe. Huko juu huona kofia na vipara. Mita 2.5 hadi 3 kutoka ardhini, ikielekea uso wa mtu aingiaye, hutosha mahali pengi. Na kama waogopa itang'olewa, weka ya pili inayoitazama ile ya kwanza.

Tena nchi yetu hii ya milimani ina desturi zake, na kamera haijui desturi hizo mpaka tuifundishe. Mji wa Mbeya uko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa ni zaidi ya mita 1,500. Mufindi, Rungwe na Uporoto ni nchi za ukungu. Kamera nyingi zina taa ya usiku isiyoonekana kwa macho yetu. Taa hiyo ikipiga kwenye ukungu hurudi, na picha yote huwa nyeupe kama maziwa. Dawa yake ni kuweka taa ya kawaida pembeni, mbali kidogo na kamera, iangaze mlango kwa ubavu. Buibui nao hupenda kutanda mbele ya kamera, kwa kuwa wadudu huvutwa na taa. Kitambaa laini na ufagio mara moja kwa wiki vyatosha. Penye mashine za kupasulia mbao, vumbi la mbao huziba kioo kwa siku chache tu. Na kamera inayotazama mashariki hupofushwa asubuhi, saa ile ile ambayo wafanyakazi wanaingia na milango inafunguliwa. Mambo haya hayaandikwi juu ya boksi. Yajulikana na mtu aliyesimama mahali penyewe asubuhi, mchana na usiku kabla ya kutoboa ukuta.

Sharti la pili ni kumbukumbu. Shahidi aliyeona yote na kusahau yote hana faida. Kamera moja ya kawaida, ikirekodi kwa kiasi cha megabiti 2 kwa sekunde, hujaza gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera nne hujaza 86.4. Diski ya terabaiti 1 itajaa baada ya siku 11 na saa kadhaa, kisha mashine itaanza kufuta za zamani ili iandike mpya. Mwenye duka anayehesabu mali yake mwisho wa mwezi, akagundua kwamba mabati yamepungua, atarudi kwenye mashine kutafuta picha za tarehe 5 na kukuta zimekwisha kufutika. Atamlaumu fundi, atamlaumu muuzaji, nalo kosa ni lake mwenyewe.

Njia ni mbili. Anunue diski kubwa zaidi, ya terabaiti 3 au 4, ambayo itatunza mwezi mzima. Au ahesabu mali yake kila Jumamosi. Njia hii ya pili haihitaji fedha yoyote, nasi twaipenda zaidi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna kamera iliyowahi kuchukua nafasi ya daftari. Kamera hukuambia nani alipita. Daftari ndilo linalokuambia kwamba kuna kitu kimepungua. Asiye na daftari hata hajui aulize nini.

Umeme nao hukatika, na wezi wajua hivyo. Mashine ya kurekodi na kamera nne ndogo hutumia wati zipatazo 35 kwa jumla. Betri moja ya volti 12 na ampea 50 kwa saa, ikitumiwa nusu tu ili isife mapema, itaziendesha karibu saa 8, yaani usiku wote isipokuwa alfajiri. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na hasara ya usiku mmoja wa giza. Nasi watu wa milimani tunazijua radi za masika: waya uliopita nje kwenye nguzo huileta radi ndani hadi kwenye mashine. Fundi aweke kifaa cha kukinga na waya wa ardhini. Asiyejua kazi hiyo asipewe kazi. Nyaya zenyewe ziwe za shaba tupu. Zipo za alumini zilizopakwa shaba kwa juu, bei yake hupendeza, nazo hupoteza nguvu njiani na kukatika mapema. Rahisi ni ghali.

Jambo dogo ambalo wengi hulisahau ni saa ya mashine. Tumesikia kesi za picha nzuri kabisa zenye tarehe ya mwaka uliopita, kwa kuwa umeme ulikatika na hakuna aliyerekebisha saa. Wakili wa mshitakiwa hahitaji zaidi ya hapo. Na mashine yenyewe ifungiwe mahali ambapo mwizi hataiona: chumba kingine, darini, ndani ya kabati la chuma. Kuiacha chini ya meza ya fedha ni sawa na kumweka shahidi mikononi mwa mshitakiwa.

Sharti la tatu ni kwamba shahidi asinunuliwe na adui. Wengi wanaunganisha kamera zao na intaneti ili wazitazame kwenye simu wakiwa safarini Tunduma au Dar es Salaam. Ni jambo jema. Lakini kila njia ya kukuwezesha wewe kutazama ndani yaweza kumwezesha na mwingine. Kamera nyingi za zamani zilitoka kiwandani na neno la siri ambalo dunia nzima inalijua, na watu hawakulibadili. Mwezi Oktoba 2016 wahalifu walitumia programu iliyoitwa Mirai kuziteka kamera na mashine za kurekodi za namna hiyo katika nchi nyingi, wakazielekeza zote kwa pamoja kuishambulia kampuni moja ya intaneti ya Marekani iitwayo Dyn, na tovuti mashuhuri zikazimika kwa saa kadhaa. Wenye kamera hizo hawakujua kwamba vyombo vyao, vilivyotulia ukutani, vilikuwa vimejiunga na jeshi la wahalifu.

Yaliyotokea huko yatufunze hapa. Siku kamera zinapofungwa, mwenye mali abadili neno la siri mwenyewe, fundi akiwa ametazama pembeni. Fundi akitaka kurudi kufanya matengenezo, apewe neno lake, na akimaliza liondolewe. Muuzaji aliyeacha kazi, meneja aliyehama, kijana aliyesaidia kuunganisha simu: kila aondokapo mmoja wao, neno la siri libadilishwe. Kikulacho ki nguoni mwako. Na nyumbani, kamera isiwekwe chumba cha kulala wala cha watoto. Mtu asiyetaka picha yake ionekane na watu wasiomhusu asianze kwa kuipiga.

Tumefika katika sharti la nne, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Shahidi aseme kweli mbele ya pande zote mbili. Kamera iliyotundikwa na tajiri, inayofunguliwa na tajiri peke yake, na kusemewa na tajiri peke yake, haistahili kuitwa shahidi. Ni mchongezi.

Katika viwanda vya chai, katika maghala, katika mahoteli na maduka ya miji yetu, wafanyakazi wanatazamwa. Sisi hatusemi kwamba ni haramu kuitazama meza ya fedha au lango la ghala. Wizi wa ndani upo, na mfanyakazi mwaminifu ndiye anayeumia zaidi, maana hasara hukatwa mshaharani mwake. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kutazama mali na kuwinda watu. Kamera inayotazama lango humwona kila mtu kwa haki sawa, mwenye mali akiwamo. Kamera inayohesabu dakika za mama aliyekwenda msalani, au inayotazama mahali wafanyakazi wanapobadili nguo, ni utovu wa adabu, na sheria za nchi haziungi mkono.

Katiba yetu, katika Ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake na maisha yake binafsi. Bunge likatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua Tume ya kuisimamia tarehe 3 Aprili 2024. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi. Anayekusanya taarifa hizo kwa shughuli zake hana budi kujiandikisha kwenye Tume hiyo, kuwa na sababu halali, kuwajulisha watu kwamba wanarekodiwa na kwa nini, na kutozitunza kupita haja iliyofanya zikusanywe. Kibao mlangoni chenye maneno machache ya Kiswahili safi, kwamba hapa pana kamera kwa ajili ya ulinzi, kinagharimu kidogo kuliko kamera yenyewe. Kwa nini hakionekani katika milango mingi?

Na itokeapo kwamba mfanyakazi anashitakiwa kwa picha, asikubali kufukuzwa kwa dakika tano. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka pawepo sababu ya haki na pia utaratibu wa haki. Maana yake ni kwamba mfanyakazi aelezwe kosa lake, apewe nafasi ya kujitetea, na aweze kusindikizwa na mwakilishi wa chama chake au mfanyakazi mwenzake. Picha haiufuti utaratibu huo. Mfanyakazi aombe aonyeshwe picha yote, ya kabla na ya baada, siyo sekunde kumi zilizochaguliwa. Mtu anayetia mkono mfukoni huenda anachukua fedha, na huenda anarudisha chenji. Akiona ameachishwa kazi bila haki, anazo siku 30 za kupeleka shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Viongozi wa matawi ya wafanyakazi waziandike siku hizo 30 ukutani, chini ya kamera yenyewe.

Mahakama pia zina kipimo chao. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hii upokelewe, lakini hakimu hupima jinsi ulivyotengenezwa, jinsi ulivyotunzwa, na kama haukuguswa. Picha iliyopita kwenye simu za watu kumi kabla ya kufika kituo cha polisi imekwisha kuchafuka. Kwa hiyo tukio likitokea, mashine isichezewe; sehemu inayohusika inakiliwe mbele ya mashahidi, tarehe na saa ziandikwe, na nakala ikabidhiwe polisi kwa maandishi. Kuisambaza picha ya kijana mitaani na kumwita mwizi kabla hajasikilizwa ni kuwakaribisha watu wenye mawe na matairi. Damu ikimwagika kwa kosa, kamera haiwezi kuirudisha.

Kwamba jicho hili halichagui cheo, majirani zetu wa Kenya walilijua mwaka 2013. Baada ya magaidi kuvamia jengo la Westgate jijini Nairobi mwezi Septemba mwaka huo, kamera za duka kubwa lililokuwa ndani ya jengo ziliwaonyesha baadhi ya askari waliotumwa kuokoa watu wakitoka na mifuko ya bidhaa. Wakubwa wa jeshi walikanusha kwanza. Baadaye wakatangaza kwamba askari wawili wamefukuzwa na kufungwa. Kamera zilizowekwa kwa ajili ya wateja na makarani ziliwasema wenye bunduki. Picha hizo zilitoka hadharani, na ndiyo maana zilifaa. Kama ufunguo wa mashine ungekuwa kwa mshitakiwa, tungesikia habari nyingine.

Tumalize kwa neno la wanyonge wenzetu wa sokoni, wenye meza na vibanda, ambao huenda wanasoma haya na kusema kwamba mambo ya kamera ni ya matajiri. Sivyo. Wakazi wa Mbeya hawajasahau kwamba soko la Mwanjelwa liliteketea mwaka 2006, kwamba soko la SIDO likateketea mwaka 2011, na kwamba likateketea tena mwaka 2017. Baada ya moto wa namna hiyo kila mtu huwa na maneno yake juu ya mahali ulipoanzia, na maneno huzaa chuki. Kamera haizimi moto. Ndoo za mchanga, nyaya nzuri za umeme na njia pana za gari la zimamoto ndizo za kwanza. Lakini shahidi mmoja aliyeona cheche ya kwanza angeokoa ugomvi mwingi na angewafundisha watu namna ya kujikinga kesho.

Safu ya vibanda 30 yenye njia mbili za kuingilia haihitaji kamera 30 za bei rahisi. Yahitaji kamera mbili nzuri kwenye njia, mbili za kutazama safu yenyewe, mashine moja yenye diski ya kutosha, betri moja, na taa. Vibanda 30 vikichanga, mzigo wa kila mmoja unakuwa mdogo. Wachague kamati ya watu watatu. Ufunguo wa kabati ukae kwa mmoja na neno la siri kwa mwingine, ili asiwepo hata mmoja awezaye kuifungua mashine peke yake. Kila ifunguliwapo, iandikwe kwenye daftari: nani, lini, kwa sababu gani. Waandikiane na fundi mkataba wa kuja kila baada ya miezi mitatu kusafisha vioo, kupima betri na kusahihisha saa. Na mara moja kwa mwezi mwanakamati mmoja ajaribu kutafuta picha ya juzi, aone kama yaonekana. Wengi hugundua kwamba mashine iliacha kurekodi tangu Krismasi siku ile wanapoihitaji.

Huo ndio ushirika, nao ulikuwapo katika nchi hii kabla ya kamera. Chombo kikiwa cha wote, hakuna wa kukigeuza kuwa fimbo.

Ndugu wasomaji, macho hayana pazia, wahenga walisema, na macho ya siku hizi hayana hata kope. Yatatutazama tukitaka tusitake. Mwenye mali asinunue kamera mpaka ajibu maswali matatu kwa maandishi: nataka kuona nini, nitakumbuka kwa siku ngapi, na nani ataruhusiwa kutazama? Mfanyakazi naye asiogope jicho linalotazama lango. Aulize tu ufunguo wake uko kwa nani. Pale ambapo maswali hayo yamejibiwa mbele ya wote, shahidi aliye ukutani atakuwa rafiki wa mwaminifu na adui wa mwizi. Pale ambapo hayajajibiwa, afadhali fedha hiyo ikanunue kufuli.